Mkanda Uliobaki Ajman

Kwetu mtu akishapanda ndege kwenda Uarabuni, yuko Dubai. Awe Doha, awe Maskati, awe jangwani anakochunga ngamia wa tajiri, ukiuliza utaambiwa yuko Dubai. Mdogo wangu wa kiume aliishi Ajman miaka minne, na kwa miaka yote hiyo nilimwambia mama kwamba niko naye Dubai. Sikuona kama ni uongo. Kazini kwake kulikuwa Dubai, Silicon Oasis, alikuwa fundi wa viyoyozi. Jioni basi la kampuni liliwarudisha Ajman kwa sababu vitanda vya huko ni rahisi. Mimi nakaa Al Barsha na kazi yangu ni londri ya hoteli. Kutoka kwangu hadi kwake ni metro, kisha basi, na foleni ikiwa mbaya ni mwendo wa karibu saa tatu. Tulionana mara moja kwa mwezi, na miezi mingine ilipita hivi hivi. Mama akiuliza, "Mwenzio hajambo?" nilijibu hajambo. Nilidhani naweza kumjibia.

Alikufa Alhamisi jioni. Alishuka kwenye basi na wenzake, akakaa kwenye ngazi za jengo lao avue buti, akaegemea ukuta. Wenzake wawili walimruka miguu wakapanda juu, wakidhani amesinzia. Hospitali waliandika kwamba moyo ulisimama. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Simu ilinikuta kwenye mashine ya kunyooshea. Nilikuwa na foronya mkononi. Nilisikiliza, nikasema asante, nikakata, nikainyoosha ile foronya na nyingine kama kumi zilizokuwa zimebaki kwenye kikapu. Ndipo nikamwambia msimamizi. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu huniuliza nililia lini, nami sijui la kuwaambia.

Watanzania wa Dubai na wa Ajman walikusanyika kama wanavyokusanyika siku zote, ubalozi ukatoa barua, na siku ya tisa mwili uliondoka. Mimi sikwenda nao. Ruhusa ningepata, lakini kulikuwa na mfuko.

Polisi wa Ajman walinieleza vizuri tu. Mwili unatoka kwa barua ya ubalozi. Vitu alivyokuwa navyo mwilini ni mali ya warithi, na havitoki mpaka mahakama iseme warithi ni nani na nani anapokea kwa niaba yao. Askari mmoja aliuinua ule mfuko nyuma ya kioo nione kwamba upo. Ulikuwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe mwekundu. Niliona simu yake, na pembeni kitu cheusi kimekunjwa. Sare ya kampuni yao ni bluu nzito, ukiitazama kwa mbali ni nyeusi. Nikasema moyoni, ndiyo shati. Sikuuliza kuna nini ndani. Orodha ilikuwa imebandikwa pale pale juu ya mfuko kwa Kiarabu, na askari angenisomea kama ningemwomba.

Nilihitaji shati lile kuliko simu, na sababu yake ni ya kwetu. Katika ukoo wetu tanga halianuliwi mpaka nguo aliyofia mtu irudi nyumbani. Inawekwa mkekani mbele ya ndugu, mkubwa wa nyumba anaishika, ndipo nguo nyingine zinagawiwa na kila mtu anarudi kwake. Isiporudi, wazee husema marehemu bado yuko njiani, na haifai watu kutawanyika wakati mwenzao yuko njiani. Anayefia nyumbani au hospitali ya wilaya, hilo ni jambo la siku mbili tatu. Anayefia mbali hujui.

Na tanga lisipoanuliwa, mjane havuki ua. Kwetu ua ni minyaa, imezunguka boma zima. Wifi yangu alikaa ndani ya minyaa ile kwa kaniki yake, amenyolewa kichwa, watoto wawili wanaingia na kutoka, yeye haingii popote wala hatoki. Wifi ni fundi cherehani. Ana kibaraza alichopangishwa mbele ya duka la vifaa vya shule, mahali ambapo kila mzazi anayenunua madaftari anamwona. Januari shule zinapofunguliwa anashona sare usiku na mchana, na kazi ya mwezi ule ndiyo inayomshikilia mwaka mzima. Mdogo wangu alikufa mwishoni mwa Septemba. Mwenye duka alimtumia salamu za pole, na baada ya pole akasema kibaraza atamwekea mpaka shule zifunguliwe. Zaidi ya hapo hawezi, kuna fundi mwingine anakitaka.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: shati litoke Ajman, lifike nyumbani kabla ya shule kufunguliwa.

Mahakama ilitaka hati ya uwakili kutoka kwa mama na kutoka kwa wifi. Wifi havuki ua, basi baba mdogo alimleta wakili kutoka mjini kwa pikipiki, akakalishwa kwenye mkeka wa msiba akiwa na kompyuta yake mapajani. Baba mdogo akanipigia.

"Wakili anauliza, mahakama gani?"

"Ya huku, baba."

"Ya huku ina jina. Anasema lazima iandikwe jina."

Nilikuwa kwenye mashine, mvuke usoni, na zamu ilikuwa inaisha. Nikasema, "Andikeni Dubai."

Baba mdogo akasema, "Si nimemwambia? Dubai. Andika Dubai." Nikamsikia wakili akibonyeza.

Hati ile ilipita Dodoma kugongwa muhuri, ikapita ubalozi wa nchi hii ulioko Dar es Salaam, ikaja na mtu, nikaipeleka kugongwa muhuri wa huku, nikaitafsirisha kwa Kiarabu. Wiki tano. Niliichukua siku yangu ya mapumziko nikaenda mahakama ya Dubai, nikachukua namba, nikakaa. Ukumbi ni baridi na msafi, kama sehemu ya kupokelea wageni pale hotelini kwetu. Kijana aliyevaa kanzu nyeupe alisoma kila ukurasa. Aliuliza kwa Kiingereza marehemu alifia wapi. Ajman. Aliishi wapi? Ajman. Vitu vyake viko wapi? Ajman.

Akaziweka karatasi chini taratibu. Akasema pole kwa msiba. Akasema kesi hii si yao, Ajman ina mahakama za shirikisho, niende huko. Nilimwambia kwamba alifanya kazi Dubai na viza yake ni ya Dubai. Akatikisa kichwa kwa upole na kunisogezea chupa ya maji. Sikumwelewa. Nilielewa tu kwamba sikupigwa, sikufukuzwa, na sikupata kitu.

Nilikwenda Al Twar, kwenye ofisi ya kuchapa inayoendeshwa na mama mmoja mtu mzima, asili yake Unguja, familia yao iko huku tangu enzi za babu yake. Anachapa maombi ya Kiarabu, na mchana kutwa anakunywa chai ya tangawizi. Watu wetu wote hupita kwake. Nilimpa ile hati. Akavaa miwani.

"Nani aliyekwambia uandike Dubai, mwanangu?"

"Mimi mwenyewe."

"Ahaa." Akavua miwani. "Sasa nisikilize. Nchi moja, bendera moja, au siyo? Lakini kwenye mahakama hawakujiunga wote. Ajman wamo kwenye za shirikisho. Dubai ina zake wenyewe, haijajiunga. Hakimu wa hapa hawezi kumwamuru polisi wa kule akupe mfuko, na hakimu wa kule hana neno na mambo ya hapa. Kila mmoja ana mpaka wake."

"Lakini si nchi moja?"

"Na wewe ni Mtanzania na mimi asili yangu Unguja. Mahakama Kuu ya kwetu ndiyo ya kwenu? Mtu akifia Mkunazini utakwenda kufungua mirathi Singida?"

Nilikuwa nimetoka nchi yenye jambo lile lile na sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

"Hebu nenda Ajman kesho," alisema. "Wakikukubalia, alhamdulillahi. Ila mimi naona hawatakukubalia, kwa sababu ya hili." Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa panasema unawawakilisha mbele ya mahakama za Dubai. Basi. Hapasemi mbele ya mahakama yoyote nyingine."

Sikwenda kesho yake kwa sababu nilikuwa kazini. Nilikwenda wiki iliyofuata, kwa basi la kutoka kituo cha Union. Karani wa Ajman alikuwa mwanamke wa umri wangu. Yeye alisema naam, hii ni kesi yetu, umefika mahali penyewe. Kisha akafika kwenye ule mstari, na uso wake ukafanya kama wa mtu aliyekuta doa kwenye nguo safi. Ule uso naujua, ni wa kazini kwetu. Akaniambia mahakama ina uwezo wa kusikiliza kesi, ila mimi sina uwezo wa kuileta. Mbele yake mimi najisemea mwenyewe tu. Mama, mke na watoto hawajamtuma mtu Ajman. Nilete hati nyingine.

Nilitoka nikakaa kituoni. Mahakama moja ilikuwa na karatasi yenye jina lake bila kuwa na kesi, nyingine ilikuwa na kesi bila karatasi. Kati yao hapakuwa na mtu aliyenikosea. Ningependa awepo mtu wa kumkasirikia, lakini maneno yale mawili niliyasema mimi.

Nilimpigia baba mdogo nikamweleza kwamba nilikosea, kwamba hakuwa Dubai, alikuwa Ajman, na ni mbali.

"Ajman ni mtaa wa wapi?"

"Si mtaa, baba. Ni kama mkoa mwingine."

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unatuambia mko pamoja."

"Ndiyo."

Akasema atamtafuta tena wakili, na kwamba mama asiambiwe hilo la kuwa mbali. Jioni nilimpigia mama nikamwambia mwenyewe. Mama akauliza, "Alikuwa anapikiwa na nani?" Nikasema alikuwa anajipikia. Akasema haya.

Wakati hati ya pili ikitembea, msimamizi wa mdogo wangu alinipigia niende Silicon Oasis nikachukue vitu vya kabatini. Hivyo havikuwa mikononi mwa polisi, kampuni yenyewe ilinipa. Kulikuwa na kandambili, kopo la mafuta ya mgando, na shati la sare, safi, limekunjwa. Huku kila sare ina namba inayoshonwa ndani ya kola ili isipotee kwenye kufuliwa. Nilifunua kola nikaona namba yake. Kampuni iliwapa mashati mawili mawili yanayofanana, namba moja. Lile alilofia na lile la kabatini, ukiyaweka pamoja, hata mimi ninayefanya kazi hii nisingeyatofautisha.

Nilirudi nalo chumbani. Mwenzangu wa chumba ni Mkenya kutoka Nakuru, tuko wote londri, yeye upande wa taulo. Alikuwa anapaka miguu mafuta. Aliliona shati na akaelewa kabla sijasema, kwa sababu habari yote ya tanga na minyaa alikuwa nayo.

"Si hiyo hapo? Tuma."

"Siyo aliyofia."

"Kwani madhe wako huko nyumbani atajulia wapi? Hiyo shati ina jicho?"

"Ni ya kabatini."

"Ni yake ama si yake?"

"Ni yake."

"Namba ni yake?"

"Ni yake."

"Aki wewe dada, wewe unapenda kujitesa. Mtu amefungiwa huko ndani ya miti juu ya shati, na shati uko nayo mkononi. Hata Mungu anakuangalia anasema huyu naye ana shida gani."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba, na haikudumu. Nililiweka shati chini ya mto. Siku iliyofuata nililipeleka kazini nikalinyoosha, bila kujua nalinyooshea nani.

Katikati ya Desemba wifi alinipigia. Nilijua yuko nyuma ya banda la mbuzi kwa sababu niliwasikia, na pia kwa sababu ni hapo tu anapoweza kusema bila kusikika.

"Wifi, niambie ukweli. Nguo inakuja lini?"

"Hati imefika Dar. Bado kuja huku, bado tafsiri, bado mahakama."

"Kabla ya shule?"

"Sidhani."

"Yule fundi mwingine ameshaleta cherehani yake. Ameiweka dukani ndani, anangoja." Akavuta pumzi. "Wifi, nimesikia una shati lake."

Nilikuwa nimemwambia baba mdogo kuhusu vya kabatini. Sikumficha.

"Ninalo moja. Si lile."

"Kwani shati si shati? Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye. Mimi nakwambia tuma hilo. Dhambi iwe yangu."

Nilimwambia sawa. Nataka iandikwe kwamba nilisema sawa. Nililifunga kwenye mfuko, nikampata mwanamke wa Al Barsha anayesafiri Jumamosi. Ijumaa nikampigia mama kumwambia kuna mzigo unakuja. Nilikuwa nimepanga nimwambie hivyo tu, mzigo unakuja, na yeye ajaze mwenyewe.

Mama hakujaza. Aliuliza, "Ndiyo aliyofia?"

Niliangalia ule mfuko kitandani. Mwenzangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake akinitazama, ananitikisia kichwa, sema ndiyo, sema ndiyo.

"Siyo, mama," nikasema. "Ni lingine lake. Aliyofia iko polisi."

"Basi hilo lije tu, litagawiwa na nyingine. Tunangoja lenyewe."

Mwenzangu alijitupa kitandani akajifunika shuka gubigubi. Baadaye, chini ya shuka, akasema, "Dada, wewe ni jiwe." Hakusema kwa ubaya. Nilisema ukweli, lakini si kwa sababu mimi ni mwema. Nilikuwa nimeshamjibia mdogo wangu miaka minne, hajambo, hajambo, na sikuweza kumjibia tena.

Wifi hakunipigia mwezi mzima. Shule zilifunguliwa. Nilisikia kwa baba mdogo kwamba fundi mwingine ameingia kibarazani, na kwamba wifi aliposikia aliinuka, akatoa cherehani yake nje, akaipaka mafuta, akairudisha ndani.

Hati ya pili ilikuwa sahihi. Yule mama wa Al Twar aliisoma mara mbili akatafuta kosa akalikosa, akachapa ombi, akalituma Ajman kwa kompyuta. Sikuhitaji hata kwenda. Niliambiwa kesi itasikilizwa kwa simu, kwa picha, Jumanne asubuhi, na mimi nilikuwa zamu. Msimamizi akaniruhusu niingie chumba cha kukunjia. Mwenzangu alizima vikaushio vitatu ili kelele ipungue, akasimama mlangoni kama askari, mtu akija anamwambia, "Ngoja, kuna mahakama humu."

Niliegemeza simu kwenye rundo la taulo. Hakimu alionekana mabega na kilemba. Mkalimani alizungumza Kiingereza. Waliniuliza jina langu na la kila mrithi. Waliuliza kama kuna mtu anayebisha. Nikasema hakuna. Waliuliza vitu vinavyoombwa ni vipi. Nikasema vilivyo kwenye mfuko. Hakimu alisema maneno machache, mkalimani akasema imekubaliwa. Iliisha upesi kuliko kukausha taulo. Miezi minne na nusu ilikuwa imepita.

"Khalas?" mwenzangu aliuliza.

"Khalas."

Akawasha vikaushio.

Alhamisi nilikwenda Ajman. Askari alikata utepe mwekundu kwa mkasi mbele yangu na akasoma orodha, kitu kimoja kimoja, anakigusa kwanza kisha anakisoma. Simu moja. Kitambulisho. Funguo mbili. Leso. Mkanda mmoja wa ngozi, mweusi.

Nikangoja.

"Shati?" nikauliza.

Akaangalia orodha, akageuza karatasi nyuma, hakuna kitu. Aliuliza mwenzake kwa Kiarabu. Akanieleza kwamba hospitali wanapojaribu kumwamsha mtu hukata nguo kwa mkasi ili wafike kifuani upesi, na zilizokatwa hazihifadhiwi. Ni kawaida. Aliniuliza kama shati lilikuwa na thamani.

Nikasema hapana. Nikaweka sahihi mahali alipoonyesha.

Kwenye basi nilikaa na mfuko mapajani. Kile kitu cheusi kilichokunjwa nilichokiona siku ya kwanza kilikuwa mkanda. Shati lilikwisha siku ile ile, saa ile ile, kabla sijapigiwa simu. Mahakama mbili hazikuwa na uwezo juu ya kitu ambacho hakikuwepo, na ningejua hivyo kama ningemwomba mtu anisomee mistari mitano. Nilijaribu kufikiria nitamwambia nini wifi. Nje palikuwa na majengo, kisha mchanga, kisha majengo.

Nilipiga jioni, simu ikawekwa spika, mezani kwa mama. Niliwasikia wote: mama, baba mdogo, shangazi, na nilijua wifi yupo kwa sababu hakusema kitu. Nilieleza kama nilivyoelezwa na askari. Shati lilikatwa, likatupwa, halipo, halikuwepo tangu mwanzo, na mimi sikuuliza.

Shangazi alianza kulia. Baba mdogo akasema, "Sasa kuna nini?"

Nikataja. Nilipofika kwenye mkanda mama akasema, "Alikuwa ameuvaa?"

"Ndiyo. Walimvua hospitali."

"Mkanda si nguo," baba mdogo akasema. "Nguo ni kitu kinachofunika mwili. Tukianza kupokea mikanda, kesho mtu ataleta miwani. Jambo hili lazima liitiwe wazee, mimi na wewe hatuwezi kulikata hapa."

"Wazee gani?"

"Wa ukoo. Kila jambo lina wenyewe, shemeji."

"Lina wenyewe," mama alisema. "Nguo ya mtu anaishika mkubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba hii ni nani? Mume wangu yuko kaburini. Ni mimi. Ulimfunga nepi wewe?"

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Basi. Mkanda ulikuwa kiunoni mwake. Mama, uje."

Mama huniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Alikuwa ananiambia mimi, niulete ule mkanda, au uletwe, vyovyote. Nilisema ndiyo. Kwa nyuma nilisikia kiti kikiburuzwa, na shangazi akimwambia wifi akae, bado, akae, mpaka ufike.

Sikwenda. Nilimpa yule yule mwanamke wa Al Barsha. Kabla ya kumpa niliukunjua ule mkanda kitandani kwangu. Ulikuwa na matundu matano ya kiwandani, yamepangwa vizuri, na ndani zaidi, mbali na hayo, kulikuwa na tundu la sita ambalo alilitoboa mwenyewe kwa msumari. Lilikwenda upande kidogo. Ngozi ilikuwa imechakaa hapo, kwa hiyo halikuwa la juzi. Nilijifunga nao. Mimi ni mwembamba, watu wananitania kwa hilo, na kwenye tundu lile haukufika.

Nilimwona Julai, Agosti nilimwona pia. Tulikula kuku kwa mkate kwenye mgahawa wa Wahindi karibu na kituo chake, akiwa na shati limetoka nje ya suruali. Nilimuuliza hajambo. Alisema hajambo.

Tanga lilianuliwa Jumapili moja ya Machi. Wifi alinipigia Jumatatu, barabarani, nikasikia pikipiki na watu.

"Nimevuka," akasema.

"Uko wapi?"

"Sokoni. Nyuma, kwa wauza vitumbua. Kuna mama amenipa nusu ya kibanda chake. Hakuna anayeniona hapa, ila wanaanza kujua." Akashusha sauti. "Wifi, mimi ningedanganya."

"Najua."

"Ningedanganya na ningelala usingizi."

"Najua, wifi."

Alimuuzia mtu uzi, nikamsikia akihesabu chenji, kisha akarudi kwenye simu. Akaniambia jinsi vitu vilivyogawiwa. Shati la kabatini lilikwenda kwa binamu yetu. Simu anayo yeye. Na mkanda, mama aliushika kwanza, muda mrefu, kisha akasema apewe baba mdogo, kwa kuwa ndiye aliyeusema. Baba mdogo alisema hautaki, na Jumatatu asubuhi ameonekana ameuvaa.

"Unamtosha?" nikauliza.

"Tundu la kwanza kabisa, na amevuta pumzi."

"Na lile la msumari?"

"Lile," wifi akasema, "tulijaribu wote. Halimfikii mtu."